Kamba ya Mafundo Matatu

Katika duka la nguo nililokuwa nikiuza pale Kasulu, mteja tulianza kumsoma miguuni. Mwenye duka alinifundisha hivyo wiki yangu ya kwanza. Alikuwa mzee wa Kiislamu. Watu wake walitoka pwani wakatua Ujiji, na yeye akapanda huku milimani angali kijana, na marobota mawili ya khanga. Alisema uso unaweza kukudanganya hata bila mwenyewe kutaka. Miguu, hapana.

Anayevua ndala mlangoni ametoka kijijini na atanunua, kwa sababu ameshaamua nyumbani kwake na ametembea na uamuzi huo tangu alfajiri. Anayeingia na vumbi la viatu mpaka ukutani ni dereva wa magari ya misaada. Huyo hashiki kitambaa, anaonyesha suruali ya jinzi kwa kidole na kuuliza kama ipo nyingine kama hiyo. Anayesimama kwenye kizingiti bila kukivuka ni mkimbizi, na mara nyingi hakuja kununua. Ana koti la suti ndani ya mfuko wa plastiki, safari moja ilikuwa gauni la harusi, na anataka kujua kama tunanunua. Hatukuwa tunanunua. Nilijifunza kulisema hilo kwa upole, na bado sikuwahi kulisema vizuri.

Walimu walikuja mwisho wa mwezi, wawili wawili. Waligeuza shati nje ndani, wakakagua mshono kama wanaosahihisha daftari, kisha wakaomba liwekwe pembeni. Hao mzee aliwaita "wa kesho". Vijana waliokuwa wakisikiliza redio sana walitaka kila kitu kiwe kipana, suruali ya kuingia watu wawili, na wakijitazama kwenye kioo walisema "bomba" kisha wakaenda kununua mtumba sokoni. Wanawake wa Kikongo, walipoanza kuja kutoka kambini, walituchangamsha. Walikitoa kitenge nje juani, wakakivuta pande zote mbili, halafu mmoja akaniambia, "Papa, hii kulere itakimbia siku ya kwanza ya kufula." Rangi ilikimbia kweli, nilijua, lakini ningesemaje.

Na walikuwapo wale mzee aliowaita washikaji. Wanashika nguo zote, wanauliza bei zote, wanatoka mikono mitupu. Alinikataza kuwafukuza. Alisema mshikaji anarudi siku moja akiwa ameamua, na siku hiyo atakwenda kwenye duka ambalo hawakumkodolea macho.

Siku moja mchana, duka likiwa tupu, nilimuuliza mzee mimi ningekuwa mteja wa aina gani. Alikuwa anakunja mashati. Hakuinua kichwa. "Wewe," alisema, "ungeshika shati huku unatazama mlango."

Nilicheka, lakini lilinikaa. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilitoka upande wa Nyabibuye, huko Kibondo, nilimaliza kidato cha nne, na nilimwambia mama yangu kwamba natoka kidogo kutafuta kazi, nitarudi mvua zikikatika. Mvua zilikatika mara tatu. Hatukuwa tumegombana. Kila nikiona lori la Kibondo linapakia pale kwenye kituo cha mafuta nilipata sababu ya kusubiri lingine: barabara ina majambazi, mzigo mpya unaingia kesho, sina cha kubeba. Kutoka Kasulu ni mwendo wa siku mbili tu. Nimekuja kuishi hivyo maisha yangu yote. Sasa nina zaidi ya arobaini, nimeuza nguo, chumvi na betri katika miji ambayo siwezi tena kuipanga kwa mfuatano, na kila mji nilikuwa mtu wa karibuni tu.

Nilikuwa na chumba nyuma ya duka. Nilijua mabega ya nusu ya watu wa Kasulu. Nilijua nani kanenepa na nani suruali zake zimeanza kumlegea, na nani ananunua sare ya shule ya mtoto asiyefanana naye. Jumapili duka likifungwa sikuwa na mtu wa kumwambia hayo. Nilikuwa napiga pasi mashati yangu mawili, kisha nikatembea mpaka mwisho wa mji na kurudi.

Yule mama alikuja mara ya kwanza baada ya watu wa milimani kuuza kahawa. Alivua ndala mlangoni, akaziegemeza ukutani, akatoa kamba kwenye pindo la kitenge chake.

Kamba hizo tulizizoea. Watu wa kule juu hawakuwa na habari ya namba za nguo, na mara nyingi walimnunulia mtu ambaye hawezi kuja mwenyewe. Ujumbe wa posa, kwa mfano, ulipaswa kupeleka koti kwa baba wa binti, na ni aibu kumwambia mkwe mtarajiwa asimame apimwe. Kwa hiyo mkewe alimpima kwa siri akiwa amelala au amekaa na wenzake, na kamba ikapelekwa kwa upande wa kijana. Ni kipande cha kamba ya mgomba chenye mafundo matatu. Kutoka mwanzo mpaka fundo la kwanza ni upana wa mabega. Kutoka hapo mpaka la pili ni mkono. Kutoka la pili mpaka la tatu ni urefu wa nguo, shingoni kwenda chini. Mzee aliamini kamba hizo kuliko utepe wa fundi.

"Mwakeye," nilimwamkia mama yule. Aliitikia, akaanza kuweka kamba yake juu ya mashati, moja baada ya jingine, bila haraka. Alishika karibu yote. Fundi cherehani wetu, aliyekaa barazani na mashine yake, alinikonyeza kwamba huyu ni mshikaji. Haikuwa hivyo. Alichagua shati jeupe la mikono mirefu, akaniambia ni la mwanawe.

Alitoka Muyama. Mwanawe aliondoka akiwa na miaka kumi na saba kwenda kulima tumbaku Urambo, na aliahidi kurudi msimu ukiisha. Ilikuwa sasa misimu miwili. Kijijini wapo waliosema amekufa, na wapo waliosema, jambo lililomuuma zaidi, kwamba yu hai na hana cha kurudi nacho. Kwao, mtu aliyetoka kutafuta akirudi hutazamwa Jumapili ya kwanza kanisani. Wanaangalia kavaa nini. Akija na nguo aliyoondoka nayo, au iliyochoka, basi rika lake watakuwa na la kusema mpaka azeeke. Mama yule alitaka shati liwe ndani ya sanduku tayari, ili siku mwanawe akitokea, hata akitokea Jumamosi jioni na kaptula iliyochanika, asubuhi yake aingie kanisani kando yake na shati jipya linalomkaa.

"Linalomkaa," alirudia. Alisema shati la kuazima linajulikana kwa mabega.

Mwaka uliofuata alikuja tena. Shati la kwanza lilikuwa bado kwenye sanduku, lakini alikuwa na wasiwasi kwamba limepitwa na wakati. Alitoa kamba ileile. Nikiitazama niliona ni kipimo cha mvulana, na hapo ndipo nilipoingilia lisilonihusu. Nilimwambia, "Mama, mtu akiondoka na miaka kumi na saba, sasa hivi amekuwa mwanaume. Mabega yameongezeka. Tena kazi ya shamba inatanua mtu."

Alifikiri. Akasema baba yake alikuwa mtu mdogo, mfupi, alifariki akiwa hivyohivyo. Nilimsikia. Nakumbuka kabisa kwamba nilimsikia. Lakini nilishaanza kuongea kama muuzaji, na muuzaji akianza hasimami. Nilimwambia vijana wa siku hizi hawafanani na baba zao.

Akanitazama kuanzia chini mpaka juu. "Wewe una miaka mingapi?"

Nilimwambia. Akasema ni karibu na wake. "Haya, geuka, mwana wanje," yaani mwanangu kwa Kiha.

Nikageuka. Aliweka mwisho wa kamba kwenye bega langu la kushoto, akaubana kwa kidole gumba, akaivuta mpaka bega la kulia. Mikono yake ilikuwa mikavu na ilinuka moshi wa kuni. Alinisawazisha shingo, akaninyoosha mkono, akausimamisha hivyo wakati anafungua fundo la zamani kwa meno na kufunga jipya. Haikuchukua muda mrefu. Tangu nitoke kwetu hakuna aliyekuwa amenishika mabega, na sikujua kwamba nilikuwa nimeukosa mguso huo mpaka ulipokwisha.

Fundi alicheka huko nje. "Leo muuzaji kawa shati," alisema.

Mama alinunua shati la kipimo changu na akaondoka ameridhika. Mzee, aliyekuwa ameketi pembeni na tasbihi yake, aliniuliza kwa nini kamba ya mtu imefunguliwa. Nilimwambia mwanawe amekua. Akauliza nimemwona wapi.

Mwaka wa tatu hakuja na kamba. Alivua ndala, akaweka mezani kikapu kidogo chenye maboga na maharage mabichi, akasema ni vyangu. Kisha akasema, "Geuka." Wakati huu alinipima kwa mikono yake, kwa viganja, kama anayejua anachotafuta. Nilikuwa nimeongezeka kidogo, chakula cha mzee kilikuwa kizuri, na yeye akafurahi kana kwamba habari za mwanawe zimemfikia, akanunua shati la tatu. Aliniuliza mama yangu yuko wapi. Nikasema Kibondo. Hajambo? Hajambo, nikasema, ingawa sikuwa na habari zake tangu mtu mmoja wa kwetu alipopita na kusema amemwona sokoni. Akaniuliza kama huwa naenda. Nikasema mara kwa mara.

Tangu hapo fundi akawa ananitania kila kahawa ikianza kukauka. "Mama yako anakuja. Kaoge." Nilijifanya kukasirika. Ukweli ni kwamba nilikuwa nikihesabu miezi. Shehena mpya ikifika nilitenga shati moja zuri, namba yangu, nikaliweka chini kabisa ya rafu ili walimu wasilione. Sikuwa namfikiria yule kijana wa Urambo hata kidogo. Sikumwazia kama mtu mwenye mabega yake.

Mwaka wa nne alikuja kabla ya wakati wake. Kahawa ilikuwa bado mtini. Niliziona ndala kwanza, zimevuliwa, na pembeni yake viatu vya raba vilivyofungwa kwa waya. Viatu hivyo havikuvuka kizingiti. Vilisimama hapo.

Alikuwa mwanawe. Alikuwa mfupi kuliko mama yake. Mikono yake ilikuwa mikubwa, ngozi imekuwa na rangi ya tumbaku mpaka kwenye kucha, lakini mabega yalikuwa ya mvulana, yale yale ya ile kamba ya kwanza. Alivaa fulana iliyopauka. Mama alibeba mashati matatu yaliyokunjwa ndani ya kitambaa cha sanduku.

Alinieleza akiwa ameyashikilia. Mwanawe alifika Ijumaa. Jumamosi walikaa wakicheka na kulia. Jumapili asubuhi alitoa shati la mwisho, lile zuri, akamvisha. Mikono ilifunika vidole. Bega lilimwangukia mpaka katikati ya mkono. Akavaa la kabla yake, hivyohivyo. Lile la kwanza, la kamba, lilimkaa mabegani vizuri kabisa, lakini lilikuwa limekaa sandukuni miaka yote hiyo na panya walikuwa wamelitafuna mgongoni. Mama hakuwa ameliangalia tena, kwa sababu alikuwa na yale mawili makubwa. Kwa hiyo alikwenda kanisani na lile la mwisho, mikono imekunjwa mara tatu. Vijana wa rika lake wakamuuliza ameliazima kwa nani. Mmoja akamuuliza kama mwenye shati yupo nje anasubiri.

Hakurudi nyumbani baada ya ibada. Alikwenda akakaa mtoni mpaka jua likainama. Alimwambia mama yake kwamba msimu ujao anarudi Urambo, na huko atakaa.

Mama alisema hayo yote bila kupaza sauti. Kisha akasema, "Kamba yangu ilikuwa inasema kweli."

Mwanawe, pale mlangoni, alikuwa ananitazama. Hakunitazama usoni, alikuwa anayatazama mabega yangu, na niliona anaelewa. Aliongea kwa mara ya kwanza.

"Kumbe, mama, una mtoto mwingine mjini."

Alisema kama utani. Fundi alisimamisha mashine. Mama hakugeuka kumjibu. Alikuwa amenikazia macho mimi, na niliona kwamba hakuwa amelifikiria hivyo kamwe mpaka sekunde ile.

Nilimwambia ni kosa langu. Nilimwambia alinieleza kuhusu baba wa kijana na mimi nikapita juu ya maneno yake. Nilitaka kuongeza sababu, lakini sababu yenyewe ilikuwa aibu kuisema mbele ya watu: kwamba nilipenda kupimwa.

Tulikuwa na sheria kwamba nguo ikishatoka hairudi. Mzee aliinuka polepole, akaenda mlangoni, akamshika yule kijana mkono na kumvusha kizingiti. "Mpime," aliniambia. "Yeye mwenyewe."

Nilichukua utepe wa fundi. Nilimpima bega hadi bega, na alijikaza kama mtu anayechomwa sindano. Nilimwomba radhi. Alisema kwa sauti ya chini, mama yake asisikie, kwamba kule Urambo alikaa muda wote huo kwa sababu hakuwa na cha kurudi nacho, na mwishowe aliamua kurudi hivyohivyo, kwa sababu alikumbuka mama hajali. "Kumbe anajali," alisema. "Ananijali nikiwa mrefu."

Nilimwambia hapana. Nilimwambia mama yake alikuja na kamba yake, kamba ya mtu mdogo, akaiweka juu ya kila shati la duka hili, na alikuwa anajua mabega yake kuliko mtu yeyote. Mimi ndiye niliyesababisha ifunguliwe. "Kama ungekuja na kamba ile wewe mwenyewe," nilisema, "ingekukaa mpaka leo."

Mkono wake ulilegea, nikaweza kuupima.

Fundi alifumua mashati mawili siku hiyohiyo. Lile la kwanza alilitia kiraka kwa ndani, la pili akaliondoa mabega na kuyashona upya. Alifanya kazi bila utani, uzi mweupe mdomoni. Mama alikaa kwenye benchi barazani, mwanawe kando yake, na mchana ulipokuwa unageuka niliona amemshika bega, bega moja tu, na kiganja chote kikalienea. Kijana alivaa shati la pili palepale. Alijitazama kwenye kioo chetu kirefu muda mrefu, akageuka kutazama mgongo, akasema Jumapili hii watakwenda tena. Kuhusu Urambo hakusema, na mama hakuuliza.

Shati la tatu, lile kubwa, fundi alilitazama akatikisa kichwa. Likipunguzwa litaharibika, mfuko utakwenda kwapani. Mama akalichukua, akalikunja upya, akaniletea mezani.

"Hili ni lako," alisema. "Lilipimwa kwako." Nilitaka kukataa, akaliacha juu ya mikono yangu. Halafu akasema, bila ukali wowote, "Na mama yako, mwanangu. Yeye anakununulia kwa mabega ya nani?"

Mama akavaa ndala zake, wakashuka kuelekea lori za Muyama. Hawakurudi dukani tena wakati nikiwapo.

Wiki ile ile nilipanda lori la Kibondo. Mzee alinipa kitenge cha kumpelekea mama na hakuniuliza nitarudi lini. Nilifika Nyabibuye mchana wa siku ya pili, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi, nikiwa nimevaa lile shati. Mama alikuwa anaanika mihogo. Aliponitambua hakukimbia. Alifuta mikono kwenye nguo yake, akaja, akaweka viganja mabegani mwangu na kufuata mshono kwa vidole mpaka mwisho wake, kushoto na kulia.

"Nani kakuchagulia?" aliuliza. "Limekukaa."

Nikasema nimechagua mwenyewe, si nauza nguo. Akasema hapana, mtu hawezi kujichagulia hivi. Aliyelichagua alikuwa anakujua. Alisubiri kidogo nimwambie ni nani. Labda alidhani nimepata mchumba, na ningeweza kumwacha adhani hivyo. Aliondoa mikono yake, akarudi kwenye mihogo, akaanza kunipa habari za watu waliofariki.

Nilikaa siku tisa. Siku ya kumi lori la kurudi lilipita, na sikuwa na sababu yoyote ya kuliacha linipite.